Mwalimu wa Nyumba ya Adelard

Basi la shule lilipita Keko saa kumi na moja alfajiri, na watoto waliokuwamo walikuwa wamelala, vichwa vimeegemea vioo. Kokushubila aliliona siku moja alipotoka kukinga maji, akarudi ndani na kumwambia mumewe kwamba Blessing hatapanda gari lile. Mtoto ana miaka minne, bado anaongea usingizini.

Adelard, fundi wa makabati, mtu wa maneno machache na penseli sikioni, aliuliza nani atamfundisha.

"Mie," alisema Koku.

Wakapatana. Koku apewe miezi mitatu. Ikiisha, Bibi Auleria, mama yake Adelard, aje kutoka Bunju kumpima mtoto. Bibi alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na neno lake kuhusu watoto halikuwa na rufaa. Akisema mtoto hajui kitu, Januari Blessing anapanda basi.

Mwanamke mwingine angeanza na vitabu. Koku alianza na sare. Alishona sketi mbili za bluu, ya Blessing na ya mdogo wake Gladness wa miaka miwili, akamwagiza Adelard benchi na ubao. Akatundika kipande cha chuma mlangoni kiwe kengele. Akanunua daftari la mahudhurio, na kila asubuhi akaandika humo kwa kalamu nyekundu: wanafunzi wawili, waliopo wawili. Siku Gladness alipopata homa, aliandika aliyepo mmoja, akatia sahihi.

Saa mbili kengele inalia, wanafunzi wanasimama mstarini uani, kucha zinakaguliwa. Mwalimu mwenyewe alijifunga kitenge cha kijani, akavaa miwani ya jua aliyoisukuma hadi paji la uso, kwa sababu mwalimu wake wa zamani alikuwa na miwani. Asiye na sare haingii darasani mpaka aivae. Na ilikuwepo kanuni moja kubwa: ndani ya sare hakuna mama, kuna mwalimu.

Mama Talha, jirani wa ukuta mmoja, mzaliwa wa Temeke aliyezaa watoto sita na kuwaona wote wakijua kusoma, alikuwa akichungulia kila akianika nguo.

"Shikamoo mwalimu mkuu," alizoea kusema, ingawa alimzidi Koku miaka ishirini. "Leo mmefukuza wangapi?"

Koku alijibu kwamba shule bila nidhamu ni kijiwe. Na ni yeye mwenyewe aliyemsimulia Mama Talha kisa cha goti, akidhani ni cha kuchekesha. Blessing alianguka wakati wa mapumziko, goti likachubuka. Hakukimbia kwa mtu. Alikuja mbele ya mwalimu, machozi yanamtiririka, akanyoosha kidole na kusema, "Mwalimu, naomba ruhusa niende kwa mama."

"Ukampa?" aliuliza Mama Talha.

Alimpa. Kisha akazunguka mbio kwa nyuma, akavua kitenge na miwani, akampokea mtoto mlango wa jikoni kama mtu aliyekuwepo hapo tangu asubuhi. Mama Talha alicheka, lakini alichelewa kidogo kuanza.

Bibi Auleria alifika Jumamosi, na mkungu wa ndizi uliopanda bajaji kabla yake. Waliposalimiana na kunywa chai, alimweka Blessing mbele yake na kumwomba ahesabu hadi ishirini.

Blessing alimtazama tu.

Bibi akashuka hadi kumi. Akashuka hadi tatu. Adelard alianza kuangalia dari, na Koku akajua dari ile ina umbo la basi.

"Mwanangu, si unajua?" alisema Koku. "Mwambie bibi."

"Leo Jumamosi," alisema Blessing kwa upole. "Shule imefungwa."

Koku alitaka kwenda kuleta sare. Sare zilikuwa kwenye kamba, zinachuruzika maji, kwa maana Jumamosi ndiyo siku ya kuzifua. Alikaa chini. Miezi mitatu ya kalamu nyekundu ilikuwa inamwagika mbele ya mkwewe.

Bibi hakukasirika. Aliuliza habari za mwalimu.

"Anajua kusoma," alisema Blessing. "Ila hacheki."

"Na mama?"

"Mama anacheka. Lakini hajui kusoma."

Adelard alikohoa. Bibi hakumtazama mkwe wake, jambo ambalo lilikuwa heshima kubwa.

"Maskini. Kuhesabu je?"

"Namfundisha mie," alisema Blessing. "Tukimenya viazi jioni. Anakosea kosea."

Koku alikuwa akikosea makusudi, jioni, amechoka, akidhani wanacheza tu.

Bibi akavuta ungo wa bamia. Alisema yeye ni mzee, amesahau namba zote, na kama Blessing ana nafasi amsaidie. Blessing alipanga bamia moja moja juu ya mkeka, akihesabu kwa sauti, akimsubiri bibi arudie. Kumi na tano aliiruka kama mtu anayeruka dimbwi, akatua kumi na sita bila kulowa, akaendelea hadi ishirini na tatu, ambapo bamia ziliisha.

Bibi alizirudisha kwenye ungo.

"Mtoto abaki nyumbani," alimwambia mwanawe. Kisha akamgeukia Koku. "Huyo mwalimu ndiye aondoke."

Jumatatu Blessing aliamka, akavaa sketi ya bluu mwenyewe, akasimama uani peke yake. Hapakuja mtu. Akamfuata mama yake jikoni, akauliza mwalimu yuko wapi.

"Amehamishwa," alisema Koku.

"Wapi?"

"Mbali. Mkoani."

Blessing alifikiri. Alisema hakuwa mbaya sana, ila alipenda mno kucha. Halafu akamshika mama yake mkono, akamkalisha kwenye benchi ambalo magoti yake hayakutoshea, akaokota chaki. Na Kokushubila, mwenye cheti cha uhasibu na ufaulu mzuri wa Kiswahili, akaambiwa atulie, aache kucheka, aanze na a.