Kamasi la Bomba

Mjomba wangu alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na saba. Wateja walimwita Spana kwa sababu hakuwahi kuonekana bila spana mfukoni, hata harusini. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vipana, na kabla ya kuuliza tatizo ni nini alilaza kwanza sikio ukutani. Mama yangu, dada yake, alifariki nikiwa na miaka tisa. Mjomba akanichukua, akanilea peke yake, akanifikisha chuo cha uuguzi. Nayasema haya mapema ili ieleweke niliyoyafanya nilimfanyia nani.

Kitu alichokataa katika kazi yake ni dawa ya kuzibulia. Mteja akimwambia, "Fundi, mwaga tu dawa, maji yatapita," alitikisa kichwa. Alilikata bomba, akalipasua kwa urefu, kisha akamwonyesha mwenye nyumba utelezi wa kijivu uliogandamana ndani. Yeye aliuita kamasi.

"Dawa inalamba juu tu," alisema. "Huyu wa chini anacheka. Kesho anaota tena, na safari hii dawa yako ameshaizoea."

Niliyasikia maneno hayo tangu nikivaa sare ya shule. Nilidhani ni maneno ya mabomba.

Alipotimiza sabini na moja, mkojo ulimziba. Hospitali wakasema tezi dume imevimba, wakamwekea mpira wa mkojo na mfuko wa kufunga pajani, asubiri upasuaji. Mpira ubadilishwe kila baada ya wiki nne, walisema. Akahamia kwangu, chumba cha mbele, kitanda karibu na dirisha.

"Kwa hiyo fundi mwenyewe kafungwa bomba," alisema siku ya kwanza, akichunguza mfuko kwenye mwanga. "Koki yao si mbaya lakini. Haivuji. Nimlete aliyeifunga anisaidie kazi za watu."

Mara ya kwanza nilimpeleka kubadilisha. Mara ya pili sikumpeleka. Kliniki ya mipira ni Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ya chanjo kwenye zahanati ninakofanya kazi; akina mama hupanga foleni mpaka getini. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika nikasema hivyo hivyo.

Kisha mkojo ukaanza kuwa na ukungu. Hakuwa na homa wala maumivu. Nilifundishwa, na nilifaulu mtihani wenyewe, kwamba mtu aliyekaa na mpira muda mrefu hakosi bakteria kwenye mkojo, na kwamba kama haumwi humpi antibiotiki. Unashughulika na mpira. Lakini nilikuwa nimechoka, na mimi nina droo. Nadhani wauguzi wengi tunayo: vidonge vya jirani aliyepona mapema, vya mtoto aliyekataa kumeza, vilivyonibakia mwenyewe. Nikampa vya rangi mbili kwa siku tatu. Mkojo ukang'aa.

"Nina daktari wangu ndani ya nyumba," aliwaambia wageni, na mimi sikumsahihisha hata siku moja. Nilipenda kuitwa hivyo.

Ukungu uliporudi, nikampa tena. Vya rangi mbili vilipoacha kusaidia, nikahamia vile vyeupe virefu, siku tatu, siku mbili, kadiri vilivyokuwepo. Miezi minne ikapita na mpira ule ule. Asubuhi moja nikiwa nafunga viatu, aliniuliza:

"Mwanangu, hili bomba mbona hamlitoi? Ndani si litakuwa limeshaota kamasi?"

"Mjomba, hili si bomba la jikoni."

"Maji ni maji."

"Dawa inatosha. Huoni mkojo ulivyo safi?"

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli, ningeibeba kwa urahisi zaidi.

Jumapili moja mchana alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Tulipofika hospitali alikuwa akimwamuru mteja asiyekuwepo afunge maji ya barabarani. Daktari alikuwa binti mdogo, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Muuguzi aliyekuwa anatundika dripu nilisoma naye darasa moja. Chuoni mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia masomo.

Daktari aliuvuta mpira wa zamani, akaukata ncha kwa mkasi, akaniinamishia trei. Ndani palikuwa na utelezi wa kijivu, umeganda kama gundi.

"Unaona, mama? Huu ni utando. Bakteria wanaujenga, wanajifunika humo. Dawa inawapata wa nje, wale wa ndani wanabaki wanaizoea." Akaweka mpira mpya, akachukua mkojo wa kupeleka maabara. "Kuna antibiotiki yoyote amekunywa miezi hii?"

Mwenzangu alikuwa ananitazama, dripu mkononi.

"Hapana," nilisema. "Dawa ya maumivu tu."

Mjomba alikuwa amefumbua macho. Akili zilikuwa zimemrudia kidogo. Alinitazama, akamtazama daktari, kisha akayafumba tena.

Wakamwanzishia sindano ambayo ni ndugu wa vile vyeupe virefu. Nililisoma jina kwenye chupa na nikalijua. Nilisimama pale nikijiambia kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge, huenda itamsaidia. Siku mbili nzima nilijiambia hivyo. Homa haikushuka. Presha ilikuwa inaporomoka, na mkojo kwenye mfuko ulipungua mpaka ukawa vijiko vichache, rangi ya kutu.

Siku ya tatu daktari alirudi na karatasi ya maabara, uso umemkunjamana.

"Sielewi. Karibu kila dawa tuliyopima, hawa bakteria wanaishinda. Na huyu mzee hajanywa kitu. Wamejifunzia wapi?"

"Kwangu," nilisema.

Nikamweleza yote, droo na Jumanne na uongo wenyewe, huku mwenzangu akikunja shuka ya kitanda cha pili polepole kuliko shuka inavyohitaji. Daktari hakunikaripia. Alinipa karatasi na kalamu.

"Andika kila dawa, na lini. Kila moja."

Nikakaa kando ya kitanda kuandika, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikumbuki. Mimi ambaye kila siku huandika tarehe za chanjo za watoto wa watu.

"Vya rangi mbili ni mara nne, si tatu," sauti ya Mjomba ilisema, nyembamba kama inatoka chumba kingine. "Mara ya tatu ni ile siku uliyorudi umelowa."

"Na vyeupe?"

"Mara mbili. Ya pili uliniambia nimalizie vitatu vilivyobaki."

Niliandika alivyonisomea.

Dawa iliyobaki kufanya kazi ilikuwa moja, ya dripu. Homa ilishuka baada ya siku tatu nyingine, na Mjomba akaishi. Lakini katika zile siku mbili za dawa isiyofaa, figo zake zilikuwa zimeumia, na daktari wa upasuaji akasema kwa hali ile hathubutu kumpasua. Mpira utabaki maisha yake yote.

Sasa kila Jumanne ya nne nampeleka kliniki. Zahanati niliwaambia, na ikawezekana. Nilichohitaji kilikuwa kuomba tu. Wiki iliyopita, tukiwa kwenye benchi tunasubiri jina lake liitwe, aliniuliza jambo ambalo nilikuwa nimelisubiri kwa miezi.

"Siku ile daktari alipokuuliza, ulisema hapana."

"Ndiyo, Mjomba."

"Mimi nilisikia."

"Najua. Ulinifichia aibu yangu."

Akanigeukia, ameshangaa kweli.

"Aibu gani? Nilidhani ndivyo mnavyofanya. Nilidhani una sababu zako za kitabibu, nikasema ninyamaze nisije nikakuharibia kazi."

Muuguzi akaita jina lake, naye akanishika bega ili ainuke.