Makopo ya Mrehani

Juzi sokoni nilishika fungu la mrehani, na harufu yake ikanirudisha kwenye baraza yetu ya Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Mama alipanda mrehani ndani ya makopo ya mafuta, akawa anaumwagilia kila alfajiri. Kiangazi kile majani yalianza kulegea na kugeuka manjano, ingawa udongo ulikuwa umelowa.

"Mutu anatia kitu humu," mama aliniambia. "Umuchunge mama mudogo."

Mama mudogo alikuwa mke wa pili wa baba, bado mgeni nyumbani kwetu.

Nikajificha nyuma ya mlango. Jua lilipofika utosini, alikuja na bakuli, akatazama huku na huku, akamimina. Nikakimbia kusema.

Mama alimkuta bado ameinama. "Iko nini ndani ya bakuli?"

"Maji, dada. Nilizani jua itaua mrehani."

"Maji tu?"

Mama mudogo aliinua bakuli, akanywa yote yaliyobaki huku amemkazia macho.

Mama akapindua kopo moja. Yakatoka maji meusi yanayonuka, na mizizi imeoza. Kumbe wote wawili walikuwa wakimwagilia, na makopo hayakuwa na tundu hata moja. Mama akaenda kutafuta msumari.

Tukabaki wawili. Mama mudogo akachuchumaa mbele yangu, kidevu kikimdondoka maji.

"Ni wewe ulimuambia?"

"Hapana," nikasema.