Ncha Kumi na Moja

Orpha Veinot alifiwa na mumewe, Lorne, kwenye vita vya Uholanzi mwaka 1945, na kijiji kizima kikangoja aolewe tena au arudi kwao. Kijiji kiligonga mwamba. Alibaki kwa baba mkwe wake, mzee Enos, akimpikia chewa wa chumvi na viazi, huku akishonea nusu ya kaunti ya Lunenburg mapazia na magauni ya harusi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo wenyewe ulikuja Februari 1965. Serikali ya Kanada ilikuwa imeamua kuishusha bendera ya zamani, ile nyekundu yenye alama ya Waingereza kwenye kona, ipande mpya yenye jani jekundu la mepo, mti uliojaa nchini kwetu, Jumatatu saa sita mchana. Theluji ikafunga barabara, bendera mpya ya shule yetu isifike. Mwalimu, Bi Hirtle, akamwomba Orpha aishone.

Aliyepandisha bendera pale shuleni kwa miaka thelathini alikuwa Enos, mtunza shule.

"Sipandishi ng'o!" alisema. "Mwanangu kafa akiitetea ile ya zamani. Leo niipigie saluti majani? Kwani mimi mbuzi?"

Tayari alikuwa ameweka funguo za shule mezani ili zirudishwe. Hilo ndilo lililomtia Orpha hofu. Tangu Lorne afe, kazi ile tu ndiyo iliyomtoa mzee kitandani asubuhi. Bila funguo zile angekaa kwenye kiti chake karibu na jiko mpaka wamzike.

Orpha akaanza kushona. Kwa kiolezo alichukua jani lenyewe, alilolipiga pasi katikati ya karatasi za nta, kama afanyavyo kila mtoto wa huku majani yanapogeuka mekundu. Nani wa kumfundisha jani la mepo mtu aliyezaliwa chini ya mepo? Alipomaliza akampigia simu mwalimu, kifua mbele.

"Lina ncha ngapi?" aliuliza Bi Hirtle.

Orpha akahesabu. "Ishirini na tatu."

"Maskini wee! Barua ya serikali inasema kumi na moja!"

Enos alicheka mpaka akapaliwa. "Umeshona la Mungu, binti! Wao wanataka la serikali!"

Orpha naye akacheka, kisha akafumua lote, uzi kwa uzi. Ndipo akaenda chumbani akaleta picha ya kaburi la Lorne, iliyotumwa miaka mingi nyuma na ambayo Enos hakuwahi kukubali kuitazama. Akaiegemeza kwenye cherehani, mbele ya macho ya mzee, akaanza kuchora. Mimi sidhani kama alihitaji mfano wa kuchorea. Mwanamke yule alikuwa na akili kuliko sisi sote.

Enos alitazama pembeni. Halafu akatazama.

"Ni nini hicho kwenye jiwe, juu ya jina lake?"

"Jani la mepo, Baba. Vijana wetu waliolala kule wanalo. Lorne analo miaka ishirini sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila nikiileta picha, ulikuwa unatoka nje."

Mzee akavaa miwani. Akaishika picha kwa mikono miwili, akalia waziwazi, na Orpha akamwacha alie. Baadaye akajifuta kwa mkono wa shati.

"Kumi na moja, eti? Lete hiyo chaki. Na mkasi ushike sawa, usije ukatutia aibu tena."

Jumatatu kamba ilikuwa imeganda kwa barafu. Enos aliishusha bendera ya zamani, akaikunja, akaitia ndani ya koti lake upande wa moyo. Kisha akaipandisha mpya taratibu, watoto wakiimba na Orpha akihesabu ncha kimoyomoyo.

Njiani kurudi nyumbani, funguo zilikuwa zikilia mfukoni mwa mzee.

"Kesho uniamshe mapema nikaipandishe," alimwambia Orpha. "Lorne asije akaningoja."