Chai Ndani ya Chupa

Shemeji yangu husuka mota. Huletewa iliyoungua, akang'oa nyaya zake nyeusi, akazungusha shaba mpya mpaka ingurume tena. Tangu dada yangu, mkewe, afariki, mota ndizo pekee zenye sauti nyumbani humo. Yeye ukimsalimu anajibu, "Salama," basi. Nilimwambia bubu ana maneno kumshinda. Hata hakucheka.

Binti yake anaishi mbali na hupiga simu kila Ijumaa. Juzi alinipigia mimi, analia.

"Mamdogo, baba hanipendi. Ijumaa hii akinijibu 'salama' tu, sipigi tena."

Namjua huyo. Akisema amesema, kama mama yake.

Ijumaa nikabeba chupa ya chai, nikamkuta shemeji karakanani, nikamweleza bila kumung'unya maneno. "Mwanao anadhani umepoa."

Dada alikuwa mwalimu wa sayansi, na sayari alitufundishia mezani huku akipakua. Sayari ya mawe, alisema, tumboni ina chuma kilichoyeyuka. Cha moto kinapanda, kilichopoa kinashuka, kama uji unaotokota. Mwendo huo ndio unaozaa sumaku, na sumaku huikinga sayari na upepo mkali wa jua. Mwendo ukikoma, sumaku nayo inakwisha. Mimi nilikuwa nasikiliza nusu nusu, nangoja mchuzi. Kumbe shemeji alikuwa anasikia yote.

Simu ikaita. Akaiweka sikioni, akasikiliza kidogo, akasema, "Salama."

Nilitamani kumtwanga kwa nyundo yake mwenyewe. Akaikazia macho ile chupa. Kisha akaanza, polepole.

"Mama yako alisema sayari hupoteza sumaku kwa njia mbili. Mirihi ni ndogo, ilipoa upesi. Lakini Zuhura ina moto bado. Wataalamu wanadhani gamba lake ni zito, joto halipati pa kutokea. Chini moto, juu moto, basi chuma hakina sababu ya kupanda wala kushuka. Kimetulia tu, kama chai ndani ya chupa." Akaigusa ile chupa. "Mimi sikupoa, mwanangu. Nimefunikwa tu. Nakukumbuka mpaka chakula hakipiti."

Machozi yalinitoka, nami si mtu wa machozi. Akanipa simu.

"Hasemi kitu. Hebu msikilize wewe."

Nikatazama kioo cha simu: sekunde chache tu. Binti alikuwa amekata zamani, pale pale kwenye salama.

"Hajasikia, shemeji. Alikata."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha yeye ambaye hajawahi kumpigia mtu akabonyeza namba. Iliita mpaka ikanyamaza. Akabonyeza tena, akaniashiria niende zangu.

Nilipofika mlangoni nilimsikia anaanza upya, "Mama yako alisema..." Nikageuka kwa furaha. Simu ilikuwa bado inaita.