Juma na Wenzake

Nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka.

Nafundisha mifugo chuo kimoja hapa Kibaha. Tangu nipate programu ya kuhakiki marejeo, nimekuwa mkaguzi nisiyeombwa. Ukitaja utafiti wa mtu, nautafuta humo. Usipoonekana, wewe ni muongo.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu Neema, mwenyeji wa Magindu, alikuja kutetea utafiti wake wa kupe mbele ya jopo. Mimi nilikuwa nimeshakagua kila kitu. Marejeo yake yote yalionekana isipokuwa moja tu: ripoti ya zamani ya kupe wa Magindu, ya "Juma na wenzake".

Nikainuka, nikawasha projekta, nikaandika. Skrini ikajibu: hakuna.

"Umeona, binti? Nchi hii ina akina Juma wangapi? Na hao wenzake ni akina nani? Hawapo! Umewazua!"

Wanajopo wakatikisa vichwa. Kusema kweli, nilijiona simba. Nikaongeza kwamba anayebuni marejeo hastahili kuhitimu.

Neema alifungua mkoba akatoa kijitabu kilichopigwa taipu, pembeni kimeliwa na mchwa.

"Samahani, Mwalimu. Nilikikuta ofisi ya kijiji. Hakijawahi kuwekwa mtandaoni."

Akampa mwenyekiti wa jopo. Mama yule akasoma ukurasa wa kwanza taratibu, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, huyu Juma alikuwa bwana mifugo. Alisaidiwa na wanafunzi wawili waliokuwa mafunzoni. Wa kwanza ni wewe."