Mizani ya Makurutu

Tangu zile ghasia za uchaguzi sikuweza tena kukaa kitako. Hata mitihani niliisahihisha nimesimama. Nilikuwa mwalimu wa kuwaongoza wanafunzi kuhusu vyuo na kazi katika sekondari moja hapa Eldoret, na kati ya vijana waliofunga barabara kule mtaa wa Kimumu, baadhi walikuwa wangu. Walikuwa wametoka tu kidato cha nne, hawana chuo, hawana kazi, wana nguvu. Kwa hiyo nikawa msumbufu. Kila mwanafunzi nilimwandama: ukimaliza unaenda wapi? Wakiniona kwenye korido waligeuza njia.

Msichana mmoja hakugeuza. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa, si wa kabila la hapa, lakini yeye alizaliwa Kimumu. Nyumba yao ilipochomwa katika ghasia hizo, walikimbilia kwao baba, naye akabaki huko. Mama akarejea Eldoret na mtoto, wakapanga chumba.

"Mimi nataka jeshi, Mwalimu," aliniambia. "Huko wakikuambia toka, ni kazi. Si juu ya jina."

Nikamwambia aanze kukimbia.

Na hapo ndipo sisi watu wa huku tunapoharibu. Kwetu, kujiandaa kwa lolote ni kukimbia. Mwalimu wa michezo alimkimbiza asubuhi, akamkimbiza jioni, na kila mtu akaisifu pumzi yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba jeshi lina mizani. Usajili ulipokaribia nilimpeleka zahanati kumpima, kumbe amebaki mifupa. Niligombana na mwalimu wa michezo mbele ya walimu wote. Mama yake hakugombana na mtu. Alimsongea ugali asubuhi, mchana na jioni, na siku yenyewe akanikabidhi mfuko wa ndizi na chupa kubwa za maji.

Msichana alizila kwenye foleni uwanjani, na karibu kila mtu alikuwa akifanya vivyo hivyo. Wasichana waliitwa mwisho. Jua lilikuwa kali, tumbo lake limejaa maji, na hakuthubutu kwenda choo kwa kuogopa kuacha kilo huko.

"Mwalimu, nitapasuka."

"Pasuka baada ya mizani," nikamwambia, huku nikitembea huku na kule kana kwamba ni mimi nitakayepimwa.

Mizani ilimkubali. Kwenye mbio aliwaacha wote. Nikadhani tumemaliza.

Kisha ofisa akasoma jina lake kwa sauti, na watu waliosimama nyuma ya kamba wakaanza kunung'unika. "Huyo si wa hapa! Aende kwao!"

Ofisa akainua kichwa. "Kuna mtu wa hapa anamjua huyu?"

Nilipaza sauti kwamba mimi ni mwalimu wake.

"Mwalimu anafundisha watu wa kila mahali," akanijibu. "Nataka jirani."

Hakuna jirani aliyejitokeza. Hasira ilinipanda, maana wale wote walikuwa watu wangu. Ndipo kijana mmoja akatoka katika safu ya wavulana waliokwisha kuchaguliwa. Nilimfundisha mwenyewe. Tena nilimwona kwa macho yangu kwenye kile kizuizi cha Kimumu, na tangu siku hiyo sikuwahi kuitikia salamu yake.

"Mimi namjua, afande," alisema bila kumtazama msichana. "Ni wa Kimumu. Najua hadi penye nyumba yao ilikuwa."

Hakuna aliyenung'unika tena. Ofisa akamwandika msichana namba ya waliochaguliwa mkononi kwa wino mzito. Nilitaka kushangilia, na nilitaka kumzaba yule kijana kofi, yote kwa mpigo. Sikufanya hata moja.

Nilipitia kwa mama yake kumpa habari. Alinikumbatia, akacheka, akalia, kisha akauliza ni nani aliyesema anamjua mtoto. Ningeweza kujibu kwamba ni jirani tu. Nilimwambia ukweli, pamoja na kile kizuizi.

Aliushika mlango.

"Na yeye amechukuliwa?"

"Amechukuliwa."

"Wataenda pamoja?"

"Pamoja, Mama."

"Basi mwambie aniangalilie mtoto," alisema. "Huko hana mtu mwingine anayemjua."

Chai aliyonimiminia niliiacha mezani, nikatoka kwenda kumtafuta yule kijana.