Mama Mkwe Aliyesema na Kuku

Mwanangu, sogea hapa mlangoni upate upepo, maana najua umechoka kukaa ndani. Nimekusikia jana ukilalamika kwamba tangu ndui ionekane kule bondeni, na tukaambiwa kila mtu abaki kwake, nyumba hii imekuwa gereza. Sikukasirika. Nilicheka peke yangu, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko yako, na mtu aliyepaswa kunijibu hakunijibu. Alimjibu kuku.

Nakumbuka ilikuwa kiangazi, wakati wa Mjerumani, kabla ya vita ya Maji Maji. Mimi nilikuwa kijana wa Masasi, mtoto wa wachuuzi wa chumvi na nguo, nimekuja kuoa huku juu Mnyambe. Unajua desturi ya huku: mwanamume ndiye anayehama kumfuata mke, na watoto ni wa ukoo wa mama yao. Basi nikajenga nyumba yangu uani kwa mama mkwe, nikakaa na mke wangu Somoe, na Mungu akatujalia binti, Fatu. Mtoto alikuwa amekwisha kuachishwa ziwa, usiku analala kwa bibi yake.

Huyo bibi yake ndiye mtu ninayetaka kukusimulia. Alikuwa mjane, mfupi, ana mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Uso wake sikuujua. Usishangae. Siku zile mkwe na mama mkwe hawakutazamana, hawakula pamoja, wala hawakusemezana. Nikimwona anakuja njiani, naingia kichakani mpaka apite. Nilikuwa najua visigino vyake na upindo wa kaniki yake, basi. Heshima ilikuwa namna hiyo, na mimi niliipenda, kwa sababu kijana mvivu akiwa na mama mkwe asiyeweza kumsemesha, amepata raha ya dunia.

Ndui ikaja na wapagazi waliokuwa wanatoka Lindi. Walilala hapa kijijini siku moja wakaendelea na safari yao, wakatuachia walichotuachia. Hazikupita siku nyingi Somoe akashikwa na homa, mgongo ukamuuma, halafu vipele vikaanza kutokea kwenye paji la uso.

Mama mkwe hakupiga kelele wala hakungoja mganga. Alikuwa ameugua ndui utotoni, na wazee walikwisha kujua kwamba ugonjwa ule ukishakupitia haukurudii. Akambeba mwanawe mpaka kwenye kibanda cha kulindia ndege, pembeni mwa shamba, mbali na nyumba lakini si mbali kiasi cha kutosikika. Akakata tawi la mti akalilaza njiani mwetu, na kila mpita njia aliyeliona alijua kwamba hapo hapaingiwi wala hapatokwi. Kisha akamchukua kuku wake mwekundu akamfunga kamba mguuni, akamfungia kwenye nguzo ya kile kibanda, asije akavuka kuja kwetu. Mwanangu, hata kuku alizuiliwa.

Nikabaki mimi na Fatu. Mimi, ambaye nilijua bei ya chumvi kutoka hapa mpaka Lindi, lakini sikujua mtama unavyokuwa ugali.

Siku ya kwanza nikachukua mchi. Nilikuwa nimewaona wanawake wakitwanga huku wakiimba na kuteta, nikadhani ni mchezo. Nikatwanga kwa nguvu zangu zote. Nusu ya mtama ikaruka nje ya kinu, na mimi nikakitukana kile kinu. Usione vyaelea, vimeundwa! Jirani yetu, Baba Ismaili, akapaza sauti kutoka uani kwake, "Jamani, kwa jirani yangu leo anatwanga nani? Mbona mchi unachechemea?"

Kule kibandani nikasikia sauti ya mwanamke, tulivu kabisa.

"Wewe kuku," ilisema, "umewahi kuona mtama unatwangwa kwa hasira? Mtama unaloweshwa kidogo kwanza, halafu mchi unaachiwa uanguke wenyewe. Mwenye kinu hapigani na kinu."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameketi ametupa mgongo, anamtazama kuku wake. Nikaelewa. Na mimi nikamgeukia Fatu, ambaye alikuwa anaokota mtama chini na kuula mbichi, nikasema, "Mwanangu, mwambie bibi yako nimesikia."

Tangu hapo tukawa tunazungumza hivyo, yeye na kuku, mimi na mtoto. Kuku alifundishwa mambo mengi siku zile. Alifundishwa kwamba ungo hupepetwa kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Alifundishwa kwamba maji ya ugali yakichemka, unga hautiwi wote kwa pamoja kama mtu anayefukia shimo. Siku niliyomaliza kusonga ugali wa kwanza, Fatu aliutazama, akanitazama, akaanza kulia. Kuku akaambiwa, "Muhogo wa kuchoma majivuni hauna fundi. Mtoto apewe huo leo, kesho ni siku nyingine."

Jambo kubwa lilikuwa maji. Wewe umezaliwa huku, huwezi kushangaa, lakini mimi wa bondeni sikuwahi kufikiri kwamba maji yana thamani namna hii. Kisima kiko chini kabisa ya mteremko, na wanawake huondoka alfajiri warudi jua limeshakuwa kali, mtungi mmoja kichwani. Na kule kisimani ndiko kila nyumba hukutana na kila nyumba. Kwa hiyo sisi hatukuruhusiwa kwenda. Mama Ismaili, mke wa yule jirani mcheshi, ndiye aliyetuchotea. Alikuja mpaka kwenye tawi, akamimina maji kwenye mtungi wetu tuliouacha hapo, bila mtungi wake kugusa wetu, kisha akarudi nyuma ndipo mimi nisogee. Mama yule alikuwa na watoto wadogo nyumba nzima. Hakukosa hata asubuhi moja. Maji hayohayo niliyagawa mara mbili, nusu nikaiweka penye jiwe kubwa katikati ya shamba ili mama mkwe aje kuichukua nikishaondoka.

Siku ya kwanza maji yetu nilimwogeshea mtoto yakaisha. Kuku alichekwa sana siku hiyo. Baadaye nikajifunza kumfuta mtoto kwa kitambaa kibichi, na maji ya kuoshea mbaazi nikayanyweshea mche wa ndizi, na chungu nikakisugua kwa majivu. Nikajifunza kufagia mapema kabla vumbi halijaamka. Mchana mtoto akilala, nasuka ukili. Jioni tunachoma muhogo na namsimulia Fatu habari za sungura. Nyumba ikaanza kuwa na mwendo wake. Nikiri kwamba nilianza hata kujisifu, na Baba Ismaili akisema mchi hauchechemei tena, nilivimba kichwa.

Lakini moyo wangu, mwanangu, ulikuwa kibandani. Mchana na usiku nilimsikia Somoe akiugulia. Sauti ile ilinichoma, ila nilijifunza kuishi nayo, kwa sababu anayeugulia yu hai.

Halafu asubuhi moja sikusikia kitu.

Nilisimama uani nimeshika ufagio. Nikangoja. Shamba lote kimya, hata kuku hakusemeshwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo nilivyojiambia, na mshindo wenyewe niliujua: Somoe amekufa, na mama mkwe amekaa na maiti hajui aniambieje. Niliogopa. Nilimtazama Fatu nikafikiri: huyu ndiye aliyebaki. Siwezi kungoja hapa mpaka na yeye atokwe na vipele. Nitampeleka Masasi kwa mama yangu, leo hii, kabla jua halijawa kali.

Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kaniki ya mama yake, nikachukua fimbo na muhogo wa njiani, nikaenda. Nilipofika kwenye tawi nikalivuka. Mbele yangu ilikuwa nyumba ya Mama Ismaili, na watoto wake walikuwa wameanza kutoka nje, wananitazama na kunipungia mikono.

"Athumani!"

Hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kulitaja jina langu kwa sauti.  Nikataka kuingia kichakani kama desturi, lakini sauti ikasema tena, "Athumani, geuka unitazame."

Nikageuka. Alikuwa amesimama upande wa pili wa tawi, hakuvuka, wala hakunikaribia, maana nguo zake zilitoka kwa mgonjwa. Hakuwa na njia ya kunishika. Alikuwa na mdomo tu. Na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Ulikuwa umechimbika wote, kuanzia paji mpaka kidevuni, na jicho moja lilikuwa limefifia.

"Tazama vizuri," akasema. "Haya niliyapata nikiwa mdogo kama huyo uliyembeba. Baba yangu naye aliogopa. Alitubeba usiku akatukimbizia kwa dada yake, kule Newala. Tukapokelewa vizuri sana. Tukapewa mkeka mpya na kuku akachinjwa. Sisi tuliondoka pale tukiwa tumepona, Athumani. Shangazi hakuondoka, wala mumewe, wala wanawe. Hakubaki hata mtu wa kuufunga mlango. Makovu yangu unayaona. Ya nyumba ile nitakuonyesha wapi?"

 Nikauliza tu, "Somoe?"

"Somoe amelala. Homa imeshuka alfajiri. Ni mara ya kwanza kulala usingizi wa kweli, nami nikaogopa hata kumsemesha kuku nisije nikamwamsha." Hapo akaketi chini. Naye alikuwa amechoka, mwanangu. Mimi nilikuwa namwona kama ukuta, kumbe alikuwa mama tu, amekesha na mwanawe. "Rudi kaya," akasema polepole. "Mama yako anampenda mjukuu wake. Usimpelekee kitu asichoweza kukikataa."

Nikarudi. Nilipolivuka tawi nililia, na sikuona aibu. Nikaingia ndani, nikamfungua mtoto, nikawasha moto, nikatwanga. Somoe alipoamka aliusikia mchi, na baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua kwamba kwake bado kuko.

Alipona. Ilichukua muda mrefu, mpaka magamba yote yalipodondoka, na nguo za ugonjwa na kile kibanda vikachomwa moto. Uso wake ulibaki na alama kama wa mama yake, na wewe uliyemkuta mzee unajua jinsi nilivyoupenda. Fatu hakuugua. Nyumbani kwa Mama Ismaili hakuugua mtu.

Siku tawi lilipoondolewa nilikuwa na wasiwasi mwingine. Mwiko umevunjwa, mama mkwe amelitaja jina langu, nimemtazama usoni. Desturi inataka kitu kitolewe ili heshima irudi mahali pake. Nikachukua doti ya kaniki mpya niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya biashara, nikaenda kuiweka kizingitini kwake, nimeinamisha kichwa, kisha nikaanza kurudi kinyumenyume.

Akatoka amembeba yule kuku mwekundu. Akaketi kizingitini, akamfungua kamba mguuni taratibu, akamwambia, "Nenda zako, mama. Umevumilia maneno yangu mengi. Sasa nina mwanangu wa kusema naye."

Kuku akaenda zake. Mimi nikakaa chini, hapohapo kwenye vumbi, na mama mkwe akaniuliza, ananitazama usoni, kama mtama nimeuanika.

Miaka michache baadaye vita ya Maji Maji ikafika Masasi. Watu wakakimbia, wengine wakapanda huku juu uwandani. Jioni moja mama yangu mzazi akaingia uani kwetu na mzigo kichwani, yu hai, mzima. Mama mkwe alimpokea kwa mkeka mpya, akachinja kuku. Nilipomwona anautandika ule mkeka nilikumbuka mkeka wa Newala, nikatoka nje nikasimama nyuma ya ghala.

Basi, mwanangu, nikuambie waziwazi, nisikuachie utegue mwenyewe. Kukaa nyumbani wakati wa maradhi si uoga, wala si kufungwa. Woga ndio ule ulionivusha tawi. Unapobaki ndani unawalinda watu ambao huwaoni, na hutashukuriwa, kwa sababu hakuna atakayejua kwamba aliepushwa. Fanya hivyo hivyo. Na ukikaa, usikae bure ukihesabu mbavu za dari. Shika mchi, shika ufagio, mwogeshe mtoto, mpe mkeo nafasi ya kupumua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nyumba usiyoitumikia huijui hata ukizeeka ndani yake. Aliye nje ya tawi naye asisahau kumimina maji. Na ukisikia kimya, uliza kabla hujakimbia.

Haya, jua linateremka, na mtama uko pale kinuni. Mungu akuzidishie mikono isiyochoka na mlango wenye mtu wa kuufunga kila jioni. Akulindie watoto wako na wa jirani yako kwa pamoja, na akikujaalia mama mkwe mwenye maneno mengi, akupe na masikio ya kumsikia. Amina. Sasa inuka ukatwange, na uuache mchi uanguke wenyewe.